Kimpira cha Bomba la Bibi

Kosa langu la mwanzo katika ufundi, mwanangu, ni kufungua tena kitu ambacho tayari kilikuwa kinafanya kazi.

Sina mvi za kukupa nasaha, na wewe bado unatambaa. Lakini naona mikono yako inavyotafuta bisibisi, nami naogopa umerithi ugonjwa wangu.

Nakumbuka asubuhi ile kwa bibi, kijijini Isansa. Viwavi walikuwa wameingia kwenye mahindi yake, bado wadogo, wanakwangua majani ya juu tu. Bomba lake la kupulizia dawa lilikataa kupandisha presha. Kimpira cha ndani kilikuwa kimelika, na dukani hakikuwepo. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilichukua ndala iliyochakaa, nikakata kiduara kisiginoni kwa wembe, nikakipaka grisi. Tukajaribu kwa maji. Bomba likapuliza vizuri, ila kila ukisukuma mpini linakoroma.

"Lete nikaanze," bibi akasema.

"Subiri, bibi. Linakoroma."

"Hata babu yako alikoroma, mume wangu wewe, na shamba tulilima."

Nilicheka, kisha nikalifungua. Niliona aibu majirani wasikie kazi yangu inakoroma. Wembe ukateleza, kimpira kikapasuka. Nikakata kingine, kikalegea, kingine kikabana. Kila asubuhi bibi alikuja mlangoni ameshavaa mabuti, akaniangalia, akarudi ndani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilidhani hiyo ni methali ya watu wasiojali kazi.

Nilipomaliza, bomba lilikuwa kimya kabisa. Viwavi nao walikuwa wameshazama kwenye moyo wa mahindi, mahali dawa haifiki. Bibi akasukuma mpini, akasikiliza.

"Zuri," akasema. "Sasa tupulizie nini?"

Msimu ule, mwanamke aliyezoea kugawia wengine alikwenda na kiroba kitupu kwa wifi yake, kijiji cha Ndalambo, akarudi nacho nusu. Alipika, akanipakulia mimi wa kwanza.

Mwanangu, nusu shari kuliko shari kamili. Kikifanya kazi, kiende shambani. Urembo utautia baada ya mavuno. Usiwaweke watu wako na njaa wakisubiri sifa zako. Mungu akupe mikono mizuri, na akupe moyo wa kuiachia kazi.

Siku hizi bomba la mtu nalijaribu kwa maji mbele yake. Likipuliza, hata likikoroma, anaondoka nalo. Ila bibi, la kwake bado hulipeleka kwa fundi wa mjini Tunduma.