Siku ya Kushusha Kondoo Blaen-nant

Mererid Pugh alizaliwa Blaen-nant, na alipoolewa, mume ndiye aliyehamia kwake. Katika miaka yake sabini na mmoja alikuwa amelala nje ya nyumba ile mara kumi na nne tu, na tisa kati ya hizo zilikuwa hospitali. Shamba liko mwisho wa bonde, pale barabara inapochoka na mlima kuanza. Kiwanja cha chini, ambamo baba yake alilima viazi, siku hizi kilikuwa kinaota mahema.

Mahema yalikuwa wazo la Gethin, mwanawe. Wageni walikuja na mafiga yao ya gesi na viti vya kukunja, wakapiga picha ukuta wa mawe ambao hawangeweza kuujenga hata kwa viboko, wakaondoka. Mererid aliwavumilia kama anavyovumilia mvua.

Alhamisi moja ya Julai, jioni, mmoja wao alikuja mlango wa jikoni na karatasi ya watalii mkononi. Jina lake Delwyn Rosser, mgawa barua wa Swansea, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye pua iliyokwisha kuungua na jua. Nyuma yake alisimama mkewe, Siwan.

"Mama, tuna siku tatu tu," Delwyn alisema. "Kuna maporomoko, kuna kilele, kuna gari moshi dogo, kuna ziwa la kuogelea. Tuanze na lipi?"

"Kilele hakiendi popote. Kipo pale tangu nizaliwe, sijakiona kikisogea. Maporomoko muyaone asubuhi, jua likiyapiga usoni. Ziwani maji ni baridi, utawaita wazazi wako wote kwa majina."

"Na hili kanisa kwenye picha?"

"Hilo sasa ni nyumba ya daktari wa meno wa London. Huja Pasaka na Agosti. Palipokuwa na mimbari ameweka jokofu."

Siwan alicheka. Mererid hakucheka. Delwyn akaona viatu vizito na fimbo mbili kando ya mlango, akauliza kesho kuna nini.

"Kesho nashusha kondoo. Mkitaka kuangalia, angalieni. Ila msinipitie mbele."

Hakuwaambia neno juu ya lango la mlimani. Bondeni mle hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa.

Zamani kushusha kondoo ilikuwa kazi ya ujima. Mashamba tisa yalipakana na mlima, na kila shamba lilikuwa na siku yake ya kukata manyoya. Siku ya Blaen-nant walikuja watu thelathini na mbili, na hakuna aliyelipwa hata peni. Kila shamba lilikuwa na mahali pake pa kusimama mlimani: watu wa Tyddyn Du kwenye mwamba uliopasuka, watu wa Hendre Wen kwenye kijito, na kadhalika, baba kwa mwana, hata mtu akifa mwanawe alijua nyayo zake zikae wapi. Jioni wote walikula mezani kwa Mererid, nyama baridi na mkate wa zabibu, wakaimba hadi madirisha yakatikisika. Sasa mashamba saba kati ya yale tisa ni nyumba za mapumziko. Zina maua mlangoni na hazina mtu ndani.

Aliyebaki ni Ifor wa Tyddyn Du, miaka sabini na sita, goti moja la chuma.

Na mwaka huu Gethin alikuwa ameweka sharti. Yeye alifanya kazi ya umeme mjini, na alikuwa amechoka kumwona mama yake akipanda mlima. "Wakata manyoya wanafika saa sita mchana," alimwambia. "Wakikuta zizi limejaa, sawa, tutaendelea. Wakilikuta tupu, hawangoji, wana shamba lingine saa nane, na hawarudi tena hadi Agosti. Nzi watataga kwenye manyoya, na kondoo wataliwa na funza wakiwa hai. Sitaki kuliona hilo, mama. Zizi likiwa tupu, tunauza wote."

Mererid alikubali. Lakini alijua kuuza kulimaanisha nini. Mlima ule hauna uzio. Kondoo wake wanakaa kwenye sehemu yao kwa sababu kila jike alifundishwa mipaka na mama yake, na huyo na mama yake, tangu kabla ya babu yake Mererid kuzaliwa. Ukiwaondoa, elimu hiyo imekwisha. Huwezi kununua kondoo wengine mnadani ukawasomea ramani.

Saa kumi na moja alfajiri Ifor alikuwa uani, anapumua kama mvukuto.

"Umechelewa," Mererid akasema.

"Nimechelewa wapi, bibi we? Jua lenyewe halijavaa suruali."

"Goti?"

"Goti ni zima. Ni mwili mwingine wote uliokwisha."

Walipanda na mbwa wao, Mot. Juu kabisa, ukungu ulipoinuka na mlima wote ukatokea umelowa na kung'aa, Mererid alihisi kile alichokihisi kila mwaka tangu utotoni, moyo kwenda mbio kama wa msichana anayengoja ngoma ianze. Akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Mot akaondoka kama jiwe la kombeo, akapotea kwenye makangaga, akatokea mbali upande wa kushoto, mdogo kama mende.

Kisha mlima ukaanza kutembea. Mawe meupe yaliyokuwa yamelala yakasimama yakawa kondoo. Wakatoka mabondeni, wakatoka nyuma ya miamba, majike mbele na wanao nyuma, wakashika vijia vile vile vyembamba, uzi kwa uzi, na nyuzi zikaungana zikawa kamba, na kamba ikawa mto. Milio yao ilijaza bonde zima. Ifor alipiga kelele kutoka upande wake, Mererid akajibu kwa mluzi, na miguu yake haikuwa na umri.

Saa tatu na nusu mto huo wa kondoo uliteremka mbio kwenye lango la mlimani, ambalo Mererid alikuwa ameliacha wazi tangu jana na kulizuia kwa jiwe.

Lango lilikuwa limefungwa. Si kufungwa tu, limekazwa kwa kamba, fundo juu ya fundo.

Majike wa mbele waligonga mbao, wakasimama, wakageuka. Wa nyuma wakawapanda wa mbele. Mererid alikimbia akipunga fimbo, lakini kundi lilipasuka katikati kama gunia, likampita kulia na kushoto, likarudi mlimani lilikotoka. Katika muda wa kuvuta pumzi tatu alibaki yeye, Mot, na lango lililofungwa.

Delwyn na Siwan walikuwa wanateremka kutoka maporomoko, nywele zimelowa, wanacheka. Walipoona sura yake wakasimama.

"Nani amefunga?"

"Mimi, mama," Delwyn akasema. "Nilikuta wazi. Tumefundishwa tangu shule, ukiwa shambani funga lango. Nikasema huyu mama amesahau, nikamsaidia."

"Umenisaidia." Mererid alilitamka neno hilo kama anatema mfupa. "Shuleni walikufundisha nusu. Lango unaliacha ulivyolikuta."

Ifor alifika akichechemea, akakaa juu ya jiwe, uso wa majivu. "Basi, Mererid. Mimi sipandi tena. Hata ukinipiga."

Mererid alitazama mlima, akatazama jua. Saa mbili na nusu zilibaki. Akatazama kule chini, kwenye kiwanja cha viazi, watu wakikaanga mayai mbele ya mahema.

"Mko wangapi kule?" akauliza.

"Hema tano," Siwan akasema. "Watu kumi na mmoja, pamoja na sisi."

"Wana miguu?"

"Wanayo."

"Waite."

Siwan hakwenda. Alisimama ukingoni mwa mteremko akaita, na kwa sauti ile Mererid alijua huyu mwanamke amelelewa nyumba yenye watoto wengi. Wale watu waliacha mayai yao wakaja, wengine na ndara, mmoja na kikombe cha kahawa mkononi. Mererid aliwapanga mwenyewe. Alimpeleka Delwyn kwenye mwamba uliopasuka.

"Simama hapa. Hapa ni pa watu wa Tyddyn Du. Wakija kwako, nyoosha mikono na usisogee."

"Hata kondoo dume akija?"

"Hasa yeye akija. Na utoe uso huo wa msiba, unamtisha mbwa."

Siwan alikwenda kwenye kijito, mahali pa Hendre Wen. Wengine mmoja mmoja na wawili wawili, kwenye mahali pa mashamba ambayo hawakuwahi kusikia majina yake. Ilimuuma Mererid kuwaona, watu wa likizo wamesimama juu ya nyayo za watu. Lakini duara lilikuwa limefungwa. Miaka ishirini hakuwahi kuliona limefungwa.

Akapanda tena na Mot peke yake.

Mara hii kondoo walikuwa wakali. Walijaribu kijitoni, Siwan akawarudisha kwa sauti. Walijaribu kwenye mwamba, na dume mmoja akamwendea Delwyn moja kwa moja. Delwyn akaanguka kifudifudi, akainuka na tope hadi masikioni, mikono bado imenyooshwa. "Nimesimama, mama," alipaza sauti. "Sijasogea." Ifor, pale juu ya jiwe lake, alicheka hadi akashika mbavu. Kundi likateremka, na safari hii lango lilikuwa wazi, na wale watu kumi na mmoja walikimbia pembeni ya mto wa kondoo wakipiga makofi na kupiga mayowe kama waliozaliwa kwa kazi hiyo.

Mererid alipofika kona ya mwisho alipaona uani kule chini. Saa sita ilikuwa imepita zamani. Lori la wakata manyoya lilikuwa limekwisha kugeuka, limeelekea barabarani.

Kisha akamwona Gethin. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, mbele ya lori, mikono ameinyoosha pande zote mbili. Dereva alipiga honi. Gethin hakusogea. Dereva akatoa kichwa dirishani, akasema jambo ambalo upepo ulilichukua, na Gethin akatikisa kichwa, akaonyesha mlimani kwa kidevu. Dereva akageuza macho, akawaona. Baada ya muda injini ikazimwa.

Kondoo waliingia zizini wakisukumana. Gethin alikuja akafunga nyuma ya wa mwisho, shati limelowa jasho.

"Ungewaacha wakata manyoya waende," Mererid akamwambia. "Ulikuwa umeshapata ulichotaka."

"Nilikuwa nimeshawaaga, mama. Lori linaondoka. Ndipo nikasikia kelele za watu mlimani." Alitazama wale wageni, waliokuwa wamejitupa nyasini, wekundu, wanahema. "Nikadhani nina miaka saba tena."

Mererid alikuwa anahesabu vichwa vya watu, sahani ngapi, na kama nyama itatosha.