Orodha ya Vitu Alivyotazama Mama

Televisheni ilifika kwetu Kindu, mashariki mwa Kongo, kwa ndege, imefungwa ndani ya blanketi, zawadi ya mdogo wangu wa kike anayeishi Goma. Kabla ya kutuonyesha picha hata moja, ilitupa kurasa za masharti ya kukubali, kwa Kifaransa, zenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mama hasomi Kifaransa. Aliuliza inaomba nini, nikamwambia inauliza lugha tu. Mimi, mwalimu ninayewafokea wanafunzi wasiosoma swali hadi mwisho, nilibonyeza "Nakubali" mara saba bila kumaliza sentensi moja.

"Unakubali mambo mingi sana," mama alisema. "Hata ku ndoa yako haukukubali hivi."

Shaka ilianzia kwenye mega, bando letu la intaneti. Intaneti yetu hutoka kwenye simu yangu, na mega zilikuwa zikiisha hata siku tulizotazama mpira kwa antena peke yake. Fundi wa simu karibu na soko alinieleza kwamba televisheni za siku hizi huandika unachotazama, saa ngapi, na mahali ulipochoka ukakatisha, kisha hupeleka habari hizo kwa waliozitengeneza, nao huwauzia wenye matangazo. Nilicheka. Nani huko ng'ambo angejali kinachotazamwa Kindu? Nilipofika nyumbani, hata hivyo, nilibandika plasta juu ya kitundu kilichokuwa ukingoni mwa kioo, nikidhani ni kamera. Baadaye niligundua kilikuwa kitundu cha skrubu.

Lakini shaka haikuwa ngeni kwetu. Wakati wa vita, waasi waliposhika mji, redio ya baba ilikuwa shahidi aliyekaa mezani. Askari waliingia nyumbani kuomba maji ya kunywa, na huku wakinywa waliiwasha redio bila kugusa mshale wa stesheni, wasikie nyumba hii iko upande gani. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyezima redio kabla ya kurudisha mshale kwenye kituo cha waasi. Baba alifanya hivyo kama mtu anavyonawa mikono baada ya kula. Siku moja msikilizaji wa mwisho nilikuwa mimi, nikasahau. Walimchukua baba. Alirudi siku ya tatu, bila redio, akiwa na kiatu kimoja, na hakuuliza ni nani aliyesahau. Mama alijua. Naye hakusema.

Miaka imepita, vita vikarudi Goma, na simu ya mdogo wangu ikaacha kuita. Mama ana presha. Nikamwambia minara ya simu imeharibika, na kwamba binti yake ametuma salamu kupitia mfanyabiashara mmoja. Mfanyabiashara huyo nilimbuni mwenyewe, nikampa hata mafua. Kila alasiri mama alipokwenda msikitini, nilitafuta habari za Goma kwenye televisheni, nikatazama, kisha nikairudisha kwenye chaneli ya kisomo cha Kurani anayoipenda, nikaizima. Nilitulia kabisa. Mshale nilikuwa nimeurudisha.

Ni siku niliyoingia kwenye mipangilio, nikitafuta shimo linalovuja mega, ndipo nilipoikuta orodha. Vyote tulivyotazama vilikuwa pale, na saa zake. Habari zangu za alasiri zilikuwemo. Na kati yake, saa za asubuhi ninapokuwa darasani: Goma, Goma, Goma. Televisheni ilikuwa imeona ninachokipenda, basi kila asubuhi ilimwandalia mama hicho hicho, kama chai. Yeye alihitaji kubonyeza picha tu. Filamu moja ya dakika mbili, ya watu wanaotembea barabarani na magodoro kichwani, alikuwa ameitazama mara kumi na moja katika asubuhi moja.

Nilidhani akili yake inaanza kulegea. Kwa wiki nzima nilirudi kutoka kazini nikasoma orodha kabla ya kuvua viatu. Wale askari angalau walianza kwa kuomba maji.

Alhamisi mama alilalamika kichwa kinamuuma. Nikamwambia, kwa sauti ya daktari, kwamba ni zile picha za barabara zinazomuumiza, heri aziache.

"Nani alikuambia ninatazama barabara?"

Nilionyesha televisheni kwa kidevu. Hakuigeukia. Alinitazama mimi.

"Uliiuliza ile. Mimi niko hapa, mama yako, haukuniuliza." Kisha, polepole: "Mutoto wangu iko muzima?"

"Sijui, mama. Siku kumi na mbili sijamusikia."

"Na ule mufanyabiashara?"

"Hayuko."

"Nilijua," alisema. "Salamu za binti yangu haziwezi kukosa kuniomba pilipili ya huku."

Hakulia, na presha haikupanda. Nilimuuliza, safari hii yeye mwenyewe, kwa nini filamu ile mara kumi na moja. Alisema kuna wanawake wengi mule, wanapita haraka, nyuso hazionekani. Alikuwa akimtafuta binti yake kwa mwendo. Hakujua namna ya kuisimamisha picha, basi kila alipompoteza mtu katikati ya umati alirudia kuanzia mwanzo.

Nilirudi kwenye mipangilio kutafuta neno "Nakataa". Lilikuwepo, chini kabisa, kwa herufi hafifu. Televisheni ilinionya kwamba orodha itafutwa na haitatupendekezea tena chochote. Kidole kilikuwa tayari.

"Ukifuta, kesho ile barabara nitaipata wapi?" mama aliuliza. "Weye unaenda kazini. Mimi sijui kuandika mule ndani."

Nilirudi nyuma bila kukataa. Ukurasa wa kwanza ulipofunguka, ulitukaribisha kwa tangazo la magodoro.

Nilimfungulia ile barabara, nikamwonyesha kitufe cha kusimamisha picha, nikakaa karibu naye. Alishika kidude cha rimoti kwa mikono miwili. Mwanamke mwenye kitenge cha kijani alisimama, mguu mmoja hewani. Mama alisogea mbele, akamchunguza kuanzia kisigino hadi bega.

"Huyu hapana," alisema, akabonyeza. Mwanamke alikwenda zake, akaja mwingine.