Hatua za Kunisindikiza

Miaka ya tisini hospitali moja ilikuwa ikinituma kuwafuatilia nyumbani wagonjwa waliobadilishwa goti, tujue, kwa ajili ya utafiti, wanavyopata nafuu. Mmoja wao alikuwa mama mzee wa karibu na Kosele. Fomu yangu iliuliza anaweza kutembea umbali gani, na wala sikuhitaji kumuuliza. Kila nilipoaga aliinuka, akaacha mkongojo mlangoni, akanisindikiza mpaka barabarani, kwa sababu kwao mgeni haachwi aende peke yake. Mimi nilihesabu hatua zake kimyakimya nikaziandika. Daktari wa utafiti alifurahi sana. Alisema huyu amepona kuwashinda wote.

Ziara ya tatu, binti yake alinivuta nyuma ya jiko.

"Ukienda tu, goti linafura. Siku mbili hatoki kitandani. Na usimwambie nimesema."

Nilipaswa kuzifuta zile hatua siku hiyohiyo. Sikufuta. Nilijiambia fomu inauliza anachoweza, haiulizi kinachomuuma. Upuuzi mtupu, na nilijua.

Wakati wa kuaga nikamwambia, "Mama, leo usinisindikize. Pumzika."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mwanangu, umekula kwangu, halafu uende kama mtu aliyefukuzwa?"

Akasimama, akaegemeza mkongojo mlangoni, akatangulia. Nilimfuata nyuma, nikiona wazi anavyochechemea, na bado nilikuwa nahesabu.