Herufi moja iliyowaita wanawake kikaoni: usharika au ushirika?

Wakuu, kamwene.

Simulizi hii ni ya bibi yangu mzaa mama, na barua nitakayoitaja nimeishika kwa mikono yangu. Penye shaka nitasema.

Nafundisha masomo ya biashara chuoni. Kila mwaka nawauliza wanafunzi: kampuni ikitaka kufanya jambo, wadau wake ni nani? Hujibu haraka: wenye hisa, wafanyakazi, wateja, jamii.

Hiyo "jamii" hunisumbua. Ikiitwa kikaoni, barua huandikiwa nani?

Likizo iliyopita nilikwenda kwa bibi, kijijini upande wa Kidugala. Ndani ya kitabu chake cha nyimbo nikakuta barua iliyopigwa taipu Makambako, enzi za Mwingereza.

Ilitoka kampuni moja iliyopanda miwati, miti ambayo magome yake hutumika kusindika ngozi za wanyama. Kampuni ilitaka kuweka kitalu cha miche bondeni, palepale penye vinyungu.

Kwa wasio wa kwetu: kinyungu ni bustani ya bondeni, hulimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki. Pale kijijini ilikuwa kazi ya wanawake. Mahindi yake ndiyo yaliyovusha nyumba miezi ya njaa, kuanzia wa kumi na mbili hadi mavuno ya mlimani.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuomba ridhaa kwanza, akaagiza barua iende kwa ushirika wa wakulima wa miwati. Hao walikuwa wanaume wapatao kumi, na tayari walikuwa wanaitamani hiyo miche.

Karani wake akapiga taipu: "usharika".

Walutheri wenzangu mmeshacheka. Usharika ni waumini wote, hadi mtoto aliyebatizwa jana.

Basi barua ikafika kwa mchungaji, naye akaisoma kwenye matangazo ya Jumapili. Siku ya kikao meneja akakuta kanisa limejaa, na wanawake wana majembe, maana walitokea vinyunguni.

Babu alikuwa kibarua wa kampuni. Alikuwa amemsihi bibi anyamaze, kwa sababu bila kitalu yeye hana kazi. Bibi, mama yangu Tumaini akiwa mgongoni, akasimama. Akauliza kupitia mkalimani:

"Bwana, mwezi wa kumi na mbili tuchemshe magome?"

Watu wakacheka. Mwanaushirika mmoja akamwambia babu kwa Kibena amfundishe mkewe adabu. Babu akatazama viatu vyake.

Meneja hakucheka. Aliomba aonyeshwe hilo bonde. Wakateremka wote, na kila mwanamke akaenda kusimama kwenye kinyungu chake. Meneja akafungua ramani, akaitazama, akawatazama wao.

"Hapa imeandikwa pako wazi," alisema.

Hatimaye kitalu kikapelekwa juu kilimani. Bonde likabaki, na kazi ya babu ikabaki, ila sasa ilikuwa kupandisha maji kwa madebe, kiangazi chote. Akirudi jioni, bega limechubuka, alimwambia bibi, "Mama Tumaini, maji ya usharika ni mazito." Bibi alimpa mahindi ya kuchoma.

Nilichojifunza ni kwamba nia njema ya kampuni haivuki anwani iliyo juu ya bahasha. Nimejifunza pia kwamba mizani haikukaa sawa bure; bega la babu lilikuwa upande mmoja. Darasani huwa sitaji bega.

Kabla sijaondoka nilimuuliza bibi: karani alikosea kweli?

Bibi akaikunja barua, akairudisha kitabuni.

"Alikuwa katibu wa kwaya yetu, mjukuu wangu. Neno usharika mkono wake uliliandika kila wiki. Labda ulizoea."

Akafunga kitabu.

"Na kinyungu cha mama yake kilipakana na changu."

Wakuu, ninyi mnaonaje: mazoea, au makusudi? Na huko kwenu, kampuni ikija, barua huandikiwa nani? Nasoma maoni yote, hata ya watakaonikosoa.