Picha Alizotaka Mama wa Kinyozi

Mimi si mmbea. Ni kwamba cherehani yangu imekaa dirishani, na dirisha langu linatazamana na mlango wa kinyozi, kwa hiyo ninayoyaona nayaona.

Kinyozi wetu ana mikono myepesi. Mtoto mchanga husinzia akinyolewa. Kichwa chake mwenyewe ni kichaka, lakini ndiyo hivyo, kinyozi hajinyoi. Anaishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya duka. Tangu baba yake afariki ana jambo moja tu moyoni: mama yake, aliyebaki mpweke huko mbali, ahamie kwake. Akimpigia simu hupaza sauti kana kwamba mama yuko ng'ambo ya mto, hata nikitaka kutosikia nasikia. "Mama, njoo upumzike. Utakaa tu, hutagusa hata kijiko." Na kila mara mama anakataa. Mwishowe akasema atamtuma mdogo wake aje kutazama na kupiga picha. Akishaziona ndipo atatoa jibu, na asisumbuliwe tena.

Basi mama mdogo akaja, mfupi, mchangamfu, simu haimtoki mkononi. Kinyozi akafunga duka siku ya kazi, jambo ambalo sijapata kuliona, akanigongea dirisha.

"Fundi, twende wote. Wewe ukimsifia mtaa ataamini."

Sikungoja kuambiwa mara mbili.

Tulianzia bustanini, penye chemchemi inayorusha maji juu. Mama mdogo aliipiga picha moja ya heshima, kisha akageuka akampiga picha kinyozi, aliyekuwa anatafuna andazi wima huku macho yakiwa kwenye saa. Tukapanda hoteli ya ghorofani, tukaagiza wali na samaki wa kukaanga. Kinyozi alimaliza sahani yake mimi nikiwa bado natafuta pa kuanzia, akainuka, akaenda kusimama dirishani. Mama mdogo akapiga picha kiti kilichobaki kitupu. Hapo udadisi ulinikaba kooni kuliko mwiba wa yule samaki. Huyu mama alikuwa anatafuta nini?

Tuliporudi aliingia chumbani kwa kinyozi bila hodi, mimi nyuma yake. Akapiga picha sufuria iliyoungua chini, sahani moja, kikombe kimoja. Akafungua kabati, akapiga picha mkate uliokauka na shati lisilo na vifungo. Kwa lile shati niliona aibu mimi, mshonaji, jirani yake wa mlango kwa mlango.

Kinyozi alikuwa ametota jasho. "Mama mdogo, hivyo navyo vya nini? Mama akiviona hatakuja kamwe."

"Nimeagizwa nipige ninachokiona."

Nikaona nimsaidie. "Lakini mama, si tumekupeleka kwenye chemchemi?"

"Dada yangu hali chemchemi, mwanangu."

Mimi nilicheka, kinyozi hakucheka. Alimsihi azifute zile za chumbani, na nilimwonea huruma kweli, maana mtu mzima kuombea sufuria si jambo dogo. Mama mdogo akamtazama, akabonyeza simu, akazituma zote.

Mteja mmoja, kwa kuukuta mlango wazi, alikuwa ameshajikalia kwenye kiti cha duka, anataka kunyolewa ndevu. Kinyozi akashika mashine ili apate cha kufanya, lakini siku hiyo mkono haukuwa wake. Shavu moja lilikuwa jeupe na jingine bado msitu pale simu ilipoita. Mama mdogo akaifungulia sauti.

"Mwanangu, unakula umesimama?" akauliza mama yake.

"Kazi ni nyingi, mama."

"Hata hotelini?"

Kinyozi akazima mashine. "Mama, nitapatengeneza. Nitapaka rangi, nitanunua kitanda kizuri. Ukija hutagusa hata..."

"Hebu nyamaza. Siku zote unaniita nije nikae tu kama mgonjwa. Nikawa nasema, huyu mtoto ananizika nikiwa hai. Nani alikwambia mimi nimechoka? Kumbe mwenye shida ni wewe, na hukusema."

Hata mteja alijiinua kitini na ndevu zake za upande mmoja, asikie vizuri. Kinyozi alijifuta macho kwa kitambaa cha dukani, nacho kimejaa nywele, machozi yakazidi.

"Mama, sikutaka kukuchosha."

"Basi ulinichosha kwa hilo. Nakuja mwezi huu. Kitanda chochote kitanitosha, ila ninunulie sufuria kubwa. Na neno kupumzika nisilisikie tena. Nitapumzika ukishanenepa."