Manukato Yaliyoitwa Vitabu

Naandika haya kwa aibu, kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha maadili ya ndoa parokiani kwetu Muhumba, na hakuna anayewakemea waume wenye deuxième bureau, yaani hawara, kwa ukali kama wangu.

Mke wangu yuko masomoni Ubelgiji. Harufu yake ilipoanza kutoweka kwenye mto wake wa kulalia, niliagiza chupa ya manukato anayoyapenda kupitia kwa wakala wa Kigali. Alinieleza kwamba manukato hushika moto upesi, hivyo ni lazima yatajwe waziwazi kwenye kifurushi, safarini na forodhani, kwenye daraja la mpakani la Ruzizi. Nikaogopa macho ya watu. Nikamsihi aandike "vitabu". Nani angeshangaa mimi kupokea vitabu?

Wiki iliyopita afisa wa forodha, mama tunayesali naye, alikifungua kifurushi mbele ya foleni nzima.

"Papa, hii iko parfum ya wanamuke. Na maman iko ku Ulaya. Ni ya nani?"

"Ee! Hata papa iko na deuxième bureau!" akadakia mchuuzi mmoja nyuma yangu.

Ningeweza kuikana chupa ile na kuondoka. Lakini tayari nilikuwa nimeikumbatia.

"Ni yangu," nikasema. "Nitaunyunyizia mto wa mke wangu, ndipo nipate usingizi."

Kisha yule mchuuzi akapaza sauti hadi darajani: "Bamama, mukuje musikie! Papa analilia bibi yake!"