Limeanguka la Chini

Nilipohamia chumba kilichotazamana na mashine ya kusaga unga, jambo la kwanza nililoligundua kuhusu mwenye mashine ile ni namna alivyokuwa akiizima. Ilinguruma tangu asubuhi mpaka vikombe vyangu vikacheza mezani. Kisha katikati ya kazi, foleni ikiwa imefika barabarani, ghafla kimya. Nilidhani umeme umekatika. Nikachungulia dirishani, nikamwona mwanamume mrefu, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi ndara, amepiga magoti mbele ya msichana mdogo aliyekuwa akimwonyesha kiatu.

Hakuna mteja aliyelalamika. Mama mmoja mwenye debe la mahindi aliuliza tu, "Leo amefanya nini?"

"Amefunga kamba ya kiatu," akajibu mke wa yule fundi wa mashine, aliyekuwa amekaa penye mizani. "Vumilieni. Jana tulisimama kwa ajili ya kifungo cha shati."

Watu wakacheka, lakini fundi hakucheka. Alimgusa mtoto kipaji cha uso kwa mgongo wa mkono, akatulia kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali, ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Vizuri, mama. Vizuri sana." Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, mashine ikanguruma tena.

Shule ilipofunguliwa nilikabidhiwa darasa la kwanza, na msichana yule akawa mwanafunzi wangu. Wenzake walimpa jina la Chekeche, kwa kuwa hakuna neno lililokaa ndani yake. Ukimpa siri, inapita ikaanguka upande wa pili. Kila asubuhi alifika na alama nyeupe kwenye kipaji cha uso, mahali baba yake alipomgusa kabla hajamwacha langoni.

"Umepakwa unga kama mkate," mwenzake alimtania.

"Baba ananipima joto," akajibu Chekeche. "Wewe nani anakupima?"

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa sauti kubwa. Miaka ya kuishi kando ya mota ilikuwa imemzoesha kusalimia kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Lakini habari za mtoto alizisema kwa kunong'ona. Alinivuta pembeni ya lango, akatazama kulia na kushoto kama anayeuza mali ya wizi.

"Mwalimu, jana amehesabu mpaka ishirini. Hakuruka kumi na nne."

"Hongera sana!" nikasema.

"Taratibu, mwalimu, nakuomba." Akatazama tena nyuma yake. "Taratibu."

Jioni moja nilikwenda kusaga kibaba changu cha mahindi, nikamuuliza mkewe kulikoni. Alinieleza huku akipima mzigo wa mteja, bila kuondoa macho kwenye mshale wa mizani.

Siku mtoto alipopiga hatua zake za kwanza, hapo hapo kati ya magunia, fundi alizima mashine akatoka mbio barabarani. "Binti yangu anatembea! Njooni mwone!" Watu wakaja, wakapiga makofi, mtoto akatembea akaanguka, akatembea akaanguka, kila mtu akacheka. Kabla jua halijazama joto lilimpanda, degedege likamshika. Alikakamaa mikononi mwa baba yake, macho yamegeuka juu, midomo imebadilika rangi. Baadaye likarudi mara nyingine, na kwa bahati mbaya ilikuwa ni siku aliyosema sentensi yake ya kwanza iliyokamilika. Alisema, "Baba, nipe maji." Fundi alikuwa ameirudia sentensi ile kwa wateja wote.

"Daktari alituambia kilichomwangusha ni homa, si furaha," mama yule akasema. "Akasema watoto wengi huachana nalo wakikua, na wetu amekua, hajaanguka tena. Mimi nilimsikia daktari. Mwenzangu sijui alisikia nini. Mtoto akipata jambo jipya, mimi nafurahi. Yeye anafurahi huku akiangalia njia ya hospitali."

"Na mashine je? Kwa nini anaizima?"

"Ili asikie anavyopumua."

Tangu siku hiyo sikuweza tena kusikia kimya cha mashine kama nilivyokisikia mwanzo. Ilipozimika, nami nilijikuta nimeshika kalamu bila kuandika, nikingoja ingurume tena.

Mtoto hakuwa na habari na hayo yote. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka. Wenzake waliokaa mitaa ya karibu walikuwa wameanza kurudi nyumbani wenyewe. Njia ya kwake ilikuwa fupi kuliko ya wengi: barabara moja tu, yenye kona moja kwa fundi baiskeli, na baada ya kona mashine inaonekana. Lakini kila mchana baba yake alisimama langoni, mweupe, wenzake wakimpita na kumpungia mkono.

"Baba, lini nitarudi mwenyewe?"

"Ukiwa mkubwa."

"Mkubwa ni lini?"

Fundi alitafuta jambo ambalo bado liko mbali. "Ukitoka jino," akasema.

Nadhani aliona amejipatia muda mrefu. Kumbe wiki ile ile jino moja la chini likaanza kulegea. Chekeche alilisukuma kwa ulimi kutwa nzima: akiandika, akiimba, akijibu hesabu. Baba yake akawa anamsihi, "Mama, liache na lenyewe lipumzike." Jioni alimketisha juu ya gunia, akamwambia apanue mdomo, akalitazama jino kwa tochi kama mtu anayekagua mkanda wa mashine unaotaka kukatika.

Kisha mwenzake darasani akamsimulia habari za uzi na mlango, Chekeche akarudi nyumbani analia kwamba watu watamng'oa jino. Fundi ndiye aliyemtuliza. "Hakuna wa kuling'oa. Neno hilo tuliache kabisa. Litaanguka lenyewe, polepole, kama punje inavyoanguka." Basi neno likawa "kuanguka". Chekeche alilileta shuleni, darasa zima likalichukua, hata mlinzi wa lango, mzee tuliyemwita Babu wa Geti, akawa anamuuliza kila asubuhi badala ya salamu, "Vipi, limeanguka?"

"Bado, Babu!"

Lilianguka katika kipindi cha kusoma. Nilikuwa nimeandika ubaoni, darasa linanifuata, mara nikasikia sauti ndogo ya kitu kikigonga dawati, kisha kelele ambazo sijawahi kuzisikia tena tangu siku ile. Chekeche alisimama juu ya kiti, ameshika jino hewani, damu kidogo kwenye mdomo, uso mzima ukicheka. Dirishani alipita Babu wa Geti akisukuma baiskeli. Mwalimu mkuu alikuwa amemtuma chaki.

"Babu! Ukipita kwa baba mwambie limeanguka!"

"Nitamwambia!" akasema mzee, akapanda baiskeli yake.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mke wa fundi. Baiskeli ya Babu wa Geti haikuwa na breki za kuaminika, na mbele ya mashine pana mteremko, kwa hiyo mzee hakusimama. Alipita akipaza sauti kwa furaha yake yote, "Fundi! Limeanguka! Limeanguka la chini!" Mashine ilikuwa katikati ya mzigo. Mkewe alimwona mzee akipunga mkono, hakusikia kitu. Fundi, aliyekuwa mlangoni na ndoo, alisikia kile kilichopenya kwenye ngurumo. Alisikia: *ameanguka chini*.

Ndoo ilibaki pale pale ilipodondoka. Mtu aliyekuwa akizima mashine kwa ajili ya kifungo cha shati, siku hiyo hakuizima. Aliiacha ikisaga hewa, akakimbia bila ndara.

Mlango wa darasa ulifunguka kwa kishindo. Watoto walipiga ukunga, na siwalaumu. Aliyesimama pale alikuwa mweupe mwili mzima, macho mekundu, kifua kinapanda na kushuka.

"Yuko wapi?" akauliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha kabisa. "Mmemlaza wapi?"

"Fundi, hakuna..." nilianza.

Hakunisikia. Aliinama akatazama chini ya madawati, akatazama nyuma ya meza yangu, akatazama kwenye mkeka wa kona ya vitabu. Chekeche alikuwa amesimama mbele yake kabisa, mkono umenyooshwa, na macho ya baba yake yalimpita mara mbili. Alikuwa akimtafuta mtoto aliyelala. Huyu aliyesimama hakumwona.

"Baba. Mimi huyu hapa."

Ndipo akamwona.

"Limeanguka," mtoto akasema, akafungua kiganja. "La chini."

Fundi alikaa. Kilichokuwa karibu ni kiti cha mtoto, akakaa hapo, magoti yamefika kidevuni. Alimwekea binti yake mgongo wa mkono kwenye kipaji cha uso, na mkono ulitetemeka hata alama ikawa tatu nne badala ya moja.

"Mbona baba yako anatetemeka?" akauliza mtoto wa dawati la mbele.

"Anaogopa damu," akasema mwingine, darasa likacheka.

"Baba haogopi damu," akasema Chekeche kwa ile sauti yake isiyobakiza kitu. "Ananiogopa mimi."

Kicheko kikafa. Machozi yalikuwa yamechora njia kwenye unga wa mashavu ya fundi, naye hakuyafuta. Alilichukua jino, akaligeuza, akamrudishia.

"Ulisema nikitoka jino nitarudi mwenyewe," mtoto akamkumbusha.

"Nilisema?"

"Alisema!" darasa zima likaitikia, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwepo.

Fundi akanitazama kama mtu anayezama na kuomba kamba. Sikumrushia.

"Kesho, mama. Leo umetoka damu."

"Kesho," akasema Chekeche, akanigeukia. "Mwalimu, umesikia."

Kesho yake asubuhi alikuja langoni kunitafuta. Alinong'ona kama kawaida, ila safari hii hakukuwa na habari njema ya kuficha. "Mwalimu, kipindi cha mwisho si chako. Njoo ukae nami pale kwenye mashine. Nikiwa peke yangu nitamfuata, najijua."

Nikaenda. Mwalimu wa michezo alikuwa na darasa langu, na Babu wa Geti alikuwa ameagizwa amfungulie mtoto lango na asimsindikize hata hatua moja. Nilimkuta fundi mlangoni, ameshika nguzo. Kazi yote siku hiyo ilifanywa na mkewe: alimimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, akakinga unga, akapima, akarudi kumimina.

"Ukitoka mbio nakufungia stoo," alimwambia mumewe kila alipopita.

"Sitatoka."

"Mkono umeshika nguzo, lakini mguu mmoja uko barabarani. Rudisha mguu."

Akaurudisha. Kisha akaniinamia. "Mwalimu, magari siyaogopi. Magari anayajua, nimemfundisha. Lakini akianguka pale kwenye kona, mimi sipo, nani atajua kumlaza ubavu? Watu wakiona degedege wanambana mtu, wanamtia kijiko mdomoni. Nani atajua?"

Kabla sijajibu, mkewe aliweka debe chini.

"Fundi baiskeli atajua. Si ulikwenda kumfundisha asubuhi? Mwalimu, huyu mwenzangu amepita mtaa mzima. Amemfundisha muuza magazeti, amemfundisha fundi viatu, amemlaza kinyozi chini mbele ya wateja wake ili wengine waone. 'Mgeuze hivi. Usimtie kitu mdomoni. Mlegezee kola.' Leo ukisinzia tu kwenye barabara hii, utajikuta umelazwa ubavu."

Wateja waliokuwa kwenye foleni walicheka, na mmoja akakiri kwamba naye alifundishwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, fundi alitabasamu. Tabasamu halikudumu, kwa sababu kengele ya shule ililia.

Waliotangulia kutokea kwenye kona walikuwa wakubwa wa darasa la saba, wakisukumana. Kisha kikundi cha wasichana. Kisha mwanamke mwenye mwavuli. Kisha barabara ikawa tupu, vumbi likatua.

"Amechelewa," fundi akanong'ona.

"Hajachelewa," nikasema. "Ana miguu midogo."

"Huwa anasimama kusoma vibao. Siku hizi anasoma vibao, mwalimu. Vyote. Sikukwambia."

"Vyote?"

"Vyote." Hakuondoa macho kwenye kona. "Mwalimu, unamwona?"

"Bado."

Mkewe alikuja akasimama nyuma yetu, mikono imejaa unga. Foleni nzima ilikuwa imegeukia barabara. Pale kwenye kona, fundi baiskeli, aliyekuwa ameinama juu ya gurudumu, alinyoosha mgongo. Akaweka spana chini. Akatazama upande wa shule, ule ambao sisi hatukuweza kuuona, akakinga jua kwa mkono. Kisha akatabasamu, akasogea kando ili mtoto akisome kibao chake.